Wahakiki wameipa 86, wachezaji wameiponda: nimwamini nani kabla ya kununua gemu mpya?

SWALI: Ndugu mtaalamu, ninaendesha chumba cha gemu Nyegezi, si mbali na stendi ya mabasi. Nina PS4 tatu na PS5 moja niliyoiongeza karibuni. Wateja wangu ni wanachuo wa Malimbe na vijana wa mtaani, natoza shilingi 500 kwa mechi. Kila gemu mpya ikitoka wananisukuma niinunue. Nikiingia mtandaoni nakuta wahakiki wameipa 86 kwa 100, huku wachezaji wenyewe wameipa 3 kwa 10 na matusi juu. Diski mpya inanigharimu kama laki moja na elfu sitini. Nimwamini nani, na hayo maoni yanasomwaje ili nisiliwe hela?

JIBU: Ndugu yangu wa Nyegezi, namba zote mbili zinaweza kuwa za kweli kwa wakati mmoja, kwa sababu hazikujibu swali moja. Aliyetoa 86 anasema: gemu hii, kwenye mashine niliyoitumia, kwa siku nilizocheza, imenipa hiki. Aliyetoa 3 huenda hazungumzii mchezo wenyewe kabisa. Huenda kakasirishwa na bei, na seva, au na sharti jipya la akaunti. Na wote wawili hawakukifikiria chumba chako: watu wawili, pedi mbili, runinga moja, mechi ya dakika kumi, na kijana wa tatu amesimama nyuma anasubiri zamu.

Mnunuzi wa dagaa akifika Mwaloni pale Kirumba haridhiki kuambiwa kwamba mzigo ni wa daraja la kwanza. Anauliza wameanikwa mchangani au kwenye chanja, kisha anatafuna mmoja asikilizie kama kuna mchanga. Maoni ya gemu nayo yaulizwe hivyo: yamepimwa kwenye mashine gani, siku gani, kwa saa ngapi za kucheza, na kwenye toleo lipi? Uhakiki usiojibu hayo hauna kazi kwako, hata uwe umeandikwa kwa ufundi kiasi gani.

Mashine ndiyo swali la kwanza, na mfano wake mchungu ni Cyberpunk 2077. Gemu hiyo ilitoka tarehe 10 Desemba 2020. Kabla ya siku hiyo watengenezaji wake, CD Projekt Red wa Polandi, waliwagawia wahakiki toleo la kompyuta peke yake, tena wakawazuia kuonyesha video walizorekodi wenyewe. Zilizoruhusiwa ni zile za kampuni. Sifa zikatoka nyingi. Kisha wenye PS4 za kawaida wakaingiza diski na kukuta picha inakwama, sura za watu hazijamalizika kuchorwa, na gemu inajifunga katikati ya safari. Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, ililiweka toleo la kompyuta kwenye 86. La PS4 lilianguka hadi 57. Wiki moja baada ya kutoka, Sony iliiondoa gemu hiyo kwenye duka lake la mtandaoni na kuanza kurudisha fedha za wanunuzi, na haikuirudisha hadi Juni 2021. Aliyesoma 86 hakudanganywa na wahakiki. Alisoma alama ya mashine ambayo hakuwa nayo.

Kwa hiyo ukifungua ukurasa wa gemu yoyote, tafuta alama ya PS4 na alama ya PS5 kila moja peke yake. Ukikuta gemu inauzwa kwa PS4 ila kila uhakiki umeandikwa kwa PS5 au kompyuta, ukimya huo ni taarifa tosha: usiinunulie PS4 siku hiyo. Usisahau pia kwamba kuna gemu ambazo PS4 hazizipati kabisa. Tekken 8 ya Januari 2024 na Mortal Kombat 1 ya Septemba 2023 ni za PS5, si za PS4. Street Fighter 6 ya Juni 2023 ilitoka kwa zote mbili. Kwenye kasha, ukanda wa juu wa diski ya PS5 ni mweupe. Angalia ukanda huo kabla ya kutoa hela, maana diski ya PS4 huingia kwenye PS5 yenye sehemu ya diski na ikacheza, lakini ya PS5 haichezi kwenye PS4 hata ufanyeje.

Kwenye mpira, tofauti hii ya mashine huwatia watu hasara kila mwaka bila wao kujua. EA Sports FC 24, ya kwanza baada ya jina la FIFA kuachwa, ilitoka Septemba 2023. Wahakiki wengi walisifu jinsi wachezaji wanavyokimbia na kugeuka, kazi ya teknolojia inayoitwa HyperMotionV. Teknolojia hiyo iliwekwa kwenye PS5, Xbox za kizazi kipya na kompyuta. Kwenye PS4 haikuwekwa. Mwenye PS4 aliyenunua kwa ajili ya mikimbio hiyo alinunua kitu kisichokuwemo ndani ya diski yake. Ukisoma uhakiki wa gemu ya mpira, kila sifa iulize: hii ipo kwenye mashine yangu? Ukurasa rasmi wa gemu husema, kwa kawaida chini kabisa na kwa herufi ndogo.

Swali la pili ni siku na saa. Kampuni huwapa wahakiki nakala bure siku kadhaa au wiki mbili kabla ya gemu kuingia sokoni, nao huahidi kutochapisha neno hadi tarehe na saa iliyopangwa. Utaratibu huu si rushwa. Bila huo wangekimbizana na kuandika baada ya saa mbili za kucheza. Kinachokuhusu ni saa yenyewe. Wahakiki wakiachiwa siku tatu au nne kabla ya mauzo, kampuni ina imani na kazi yake. Mwaka 2014 Assassin's Creed Unity ilianza kuuzwa usiku wa manane Marekani, lakini wahakiki waliruhusiwa kusema saa sita mchana, yaani saa 12 baada ya watu kuanza kununua. Gemu ilikuwa imejaa hitilafu, na walionunua usiku ule hawakuwa na namna ya kujua.

Hata hivyo, kuchelewa kwa maoni si ushahidi wa ubovu kila mara. Hollow Knight: Silksong ilipotoka tarehe 4 Septemba 2025, studio ndogo ya Team Cherry ya Australia haikumpa mhakiki yeyote nakala ya mapema, uhakiki ukachelewa kwa siku kadhaa, na gemu ikasifiwa sana. Ila iliuzwa dola 20. Kwa bei hiyo mtu anaweza kujaribu bahati. Kwa dola 70, ambayo ndiyo bei ya gemu kubwa nyingi za PS5, usijaribu.

Sasa namba yenyewe. Metacritic hutoa wastani wenye uzito: maoni ya chombo kimoja huhesabiwa zaidi ya kingine, na uzito huo hautangazwi. OpenCritic, iliyoanza mwaka 2015, huchukua wastani wa kawaida na kuonyesha pia asilimia ya wahakiki wanaoipendekeza gemu. Zote mbili zina udhaifu uleule wa wastani. Wahakiki watatu wakitoa 90, 90 na 50, wastani unakuwa karibu 77, namba ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeitoa. Huyo wa 50 ndiye umtafute. Msome yeye kwanza, na usome sababu zake kwa makini kuliko alama yake. Akisema hadithi ni dhaifu, kwako hilo si kitu, wateja wako hawaji kusikiliza hadithi. Akisema wachezaji wawili kwenye mashine moja hukatizwa na kurudishwa mwanzo, amekuokolea laki na nusu. Napenda namna ya gazeti la Famitsu la Japani: wahakiki wanne, kila mmoja hutoa alama kwa 10, jumla kwa 40, na alama ya kila mmoja huonekana. Hapo msomaji huona walipokubaliana na walipogongana.

Jua pia kwamba kipimo cha gemu kimekaa juu sana. Kwenye Metacritic, gemu hupata rangi ya kijani kuanzia 75, na katika mazungumzo ya wachezaji 70 huhesabiwa kama kufeli, ingawa darasani 70 ni alama nzuri. Tofauti kati ya 82 na 86 haina maana yoyote kwa mnunuzi. Hata hivyo namba hizi zimewahi kukata watu hela: Fallout: New Vegas ya mwaka 2010 ilipata 84, na mmoja wa wabunifu wake alieleza baadaye kwamba studio ya Obsidian ilikosa bonasi kwa sababu mkataba ulitaka 85. Namwonea huruma fundi aliyefanya kazi miaka akahukumiwa kwa alama moja. Wewe usimfanyie hivyo, wala usijifanyie hivyo mwenyewe.

Tuje kwa wachezaji waliotoa 3. Wengi huwapuuza kama watu wa matusi. Hilo ni kosa, lakini kuwafuata bila kuwasoma ni kosa kubwa zaidi. The Last of Us Part II ilitoka tarehe 19 Juni 2020 ikiwa na alama zaidi ya 90 kutoka kwa wahakiki, na ndani ya siku chache alama ya wachezaji ilikuwa chini ya 4. Gemu ile huchukua zaidi ya saa 20 kuimaliza, lakini maelfu ya alama za 0 ziliwekwa siku ileile ya kwanza. Hawakuwa wamecheza. Mwezi uliofuata Metacritic ilianza kuwazuia wachezaji kuandika maoni mpaka zipite saa 36 tangu gemu mpya itoke. Kwa hiyo alama ya wachezaji ya siku mbili za kwanza usiiangalie kabisa, iwe nzuri au mbaya.

Kuna hasira nyingine ambayo haihusu uchezaji, ila kwetu Tanzania inahusu mno. Helldivers 2 ilitoka Februari 2024 na ikapendwa. Mwanzoni mwa Mei mwaka huohuo Sony ilitangaza kwamba wanaocheza kwa kompyuta lazima waunganishe akaunti ya PlayStation. Ndani ya siku chache maoni mabaya zaidi ya 200,000 yalimwagika Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, na gemu ikaacha kuuzwa katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma rasmi ya PlayStation. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zenye huduma hiyo. Sony ilirudi nyuma baada ya siku tatu. Mhakiki wa London asingeona tatizo lile, kwa kuwa kwake akaunti hufunguka kwa dakika mbili. Wachezaji wa kawaida ndio waliopiga kelele, na kelele ile ilimtetea kijana wa Mwanza kuliko uhakiki wowote.

Na hili liweke akilini unaponunua mtandaoni. Akaunti ya PlayStation iliyofunguliwa kwa nchi fulani hupokea namba za vocha za nchi hiyo tu. Ya Marekani ukiiwekea vocha ya Uingereza itakataa. Diski za PS4 na PS5 hazifungwi kwa nchi, ila nyongeza za kulipia lazima zilingane na eneo la diski. Kurudisha gemu nako kuna masharti: duka la PlayStation hukubali ndani ya siku 14 kama hujaanza kuipakua, labda gemu iwe na kasoro, Steam hukubali ndani ya siku 14 kama umecheza chini ya saa mbili. Kwa chumba cha biashara ndiyo maana nasisitiza diski: ikikukataa, utaiuza.

Ingawa huna kompyuta ya gemu, tumia ukurasa wa Steam kama chanzo cha bure. Kila maoni pale huonyesha mwandishi alikuwa amecheza saa ngapi alipoandika, na kuna alama mbili tofauti: ya siku zote na ya siku 30 za karibuni. Chuja maoni mabaya peke yake, kisha soma 15 au 20 ya watu waliocheza zaidi ya saa kumi. Sababu ileile ikijirudia mara tano, iamini. Lakini tenganisha lawama za kompyuta na zako. Monster Hunter Wilds ilitoka Februari 2025 ikasifiwa na wahakiki, huku Steam watu wakilalamikia uzito wake kwenye kompyuta zao. Hilo halimhusu mwenye PS5 moja kwa moja.

Alama mbili zikitofautiana, ya zamani nzuri na ya siku 30 mbaya, gemu imebadilishwa baada ya kuhakikiwa. Tekken 8 ni mfano unaofaa kwa chumba chako. Wahakiki waliipa karibu 90. Mwishoni mwa Februari 2024, mwezi mmoja baadaye, kampuni ilifungua duka la mavazi ya kulipia ndani ya gemu ambalo wahakiki hawakuwa wamelikuta. Aprili 2025 apdeti ya msimu wa pili ilibadili uwiano wa mapigano kiasi kwamba wachezaji wakongwe waliijaza Steam lawama, na kampuni ikalazimika kutoa marekebisho ya haraka. Kwa vijana wawili wanaopigana kwenye PS5 yako kwa shilingi 500, duka la mavazi haliwanyimi kitu. Uwiano ndio utakaokugusa, maana kuna wapiganaji watakaochaguliwa na kila mtu hadi wengine wachoke. Kwa gemu ya kupigana, ningekushauri usome maoni ya siku 30 kila baada ya apdeti kubwa, na usiruhusu PS5 ijiapdeti yenyewe usiku kabla hujayasoma.

Gemu za mpira husomwa tofauti kidogo. Hasira nyingi za wachezaji juu ya EA Sports FC huihusu Ultimate Team, sehemu ambayo mtu hununua vifurushi bila kujua atampata mchezaji gani. Ubelgiji ilivihesabu vifurushi hivyo kuwa kamari mwaka 2018, na EA ikaacha kuuza pointi zake huko Januari 2019. Ni hoja nzito, na kama una mdogo wako anayechezea nyumbani kwa kadi ya mzazi, mtahadharishe. Ila chumba chako hakiigusi Ultimate Team. Wewe unatumia mechi ya kirafiki ya pedi mbili, ambayo hucheza kwa diski bila intaneti. Basi kwenye uhakiki ruka aya zote za Ultimate Team na za kuwa kocha. Tafuta mambo manne: kasi ya mechi, makipa, waamuzi, na muda kutoka menyu hadi mpira kuanza. Wahakiki huandika sentensi tatu tu juu ya hayo. Hizo tatu ndizo zako.

Na usidhani gemu ya bure haina hasara. eFootball 2022 ya Konami ilitoka tarehe 30 Septemba 2021 bila malipo ikiwa na timu 9 tu za kuchagua, nyuso za wachezaji zikachekesha dunia nzima, na ikashika mkia kwenye orodha ya gemu zote za Steam. Konami waliomba radhi siku iliyofuata. Imerekebishwa sana tangu hapo, kwa hiyo uhakiki wake wa 2021 haufai kuitathmini leo. Gharama yake kwako ni bando na nafasi. Gemu ya GB 50 kwenye intaneti ya Mbps 10 isiyoyumba huchukua saa 11 hivi kupakua, na mtandao wa simu jioni hauna uthabiti huo. PS4 nayo ikiapdeti gemu hunakili faili zake upya, hivyo hudai nafasi wazi inayokaribia ukubwa wa gemu nzima. Ndiyo sababu PS4 ya GB 500 hulalamika imejaa wakati wewe unaona GB 40 ziko wazi. Diski ngumu ya nje (hard disk) ya USB 3.0, kuanzia GB 250, humaliza tatizo hilo.

Kuhusu video. Kwa ubora wa picha na mwendo, watazame Digital Foundry. Wao hupima fremu, yaani picha moja moja zinazopita, kwa sekunde na kulinganisha mashine kwa mashine, na grafu huiona hata asiyejua Kiingereza. Mstari ukikaa kwenye 60, kila fremu huchukua milisekunde 16.7, ukishuka hadi 30, ni milisekunde 33.3, na kwenye mpira au ngumi mkono huhisi mara moja. Mstari unaoruka kutoka 60 hadi 40 na kurudi ni mbaya kuliko ule uliotulia kwenye 30. Kwa wapiga soga wa YouTube, angalia kama wamelipwa. Mwaka 2016 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilimalizana na Warner Bros. kwa kosa la kuwalipa watu wa YouTube waisifu Middle-earth: Shadow of Mordor bila kuwaeleza watazamaji ipasavyo. Dalili ni rahisi: video ya dakika ishirini isiyotaja hata kasoro moja, na hakuna pale anapoonyesha menyu, muda wa kupakia, au kushindwa.

Kabla hujakubali wateja wanaposema gemu mpya ni nzito, kagua runinga yako. Runinga nyingi huchakata picha kwanza ili ing'ae, na uchakataji huo huchelewesha amri ya pedi. Ingia kwenye mipangilio ya picha uwashe hali ya gemu, kwa kawaida imeandikwa Game Mode. Mara nyingi lawama ya "pasi zinachelewa" huisha hapo. Gemu ikijifunga na kuonyesha kosa namba CE-34878-0 kwenye PS4, usikimbilie kuilaumu wala kuandika popote kwamba ni mbovu. Jaribu gemu nyingine kubwa kwenye mashine ileile kwa nusu saa. Nayo ikijifunga, shida ni mashine: diski ngumu ya ndani inachoka, au programu ya PS4 ni ya zamani. Zima PS4, shikilia kitufe cha kuwasha kama sekunde saba hadi usikie mlio wa pili, unganisha pedi kwa waya, chagua namba 5, Rebuild Database. Ikiwa mashine nyingine haisumbui na ni gemu hiyo moja tu, ifute, iweke upya, kisha ndipo uilaumu. Mashine inayovuma kama kinu nayo hutaka kufunguliwa na kutolewa vumbi. Gemu mpya huichosha kuliko za zamani, na ikizidi joto huzima katikati ya mechi aliyokwisha kuilipia mtu.

Hesabu ya fedha sasa. Laki moja na elfu sitini kwa 500 ni mechi 320. Lakini ukitoa umeme, kodi ya chumba na kuchakaa kwa pedi, tuseme inabaki 300 kwa mechi. Hapo unahitaji mechi 534. Tena zihesabiwe mechi mpya tu, zile ambazo zisingechezwa bila gemu hiyo. Kijana aliyekuwa akicheza mpira wa mwaka jana akihamia wa mwaka huu hajakuongezea shilingi. Huyu ndiye anayekuchanganya, kwa kuwa ndiye anayesukuma ununue. Andika kwenye daftari kwa wiki moja: nani ameingia, ameuliza gemu gani, na je, aliondoka bila kucheza alipoikosa? Wale walioondoka ndio soko lako la gemu mpya. Wakiwa watatu kwa wiki, subiri. Gemu za mpira hutoka mwishoni mwa Septemba na mara nyingi hushuka bei sana ifikapo mauzo ya mwishoni mwa Novemba. Wakiwa watatu kwa siku, nunua diski moja.

Naandika moja kwa makusudi. Iweke kwenye mashine ile ambayo wahakiki wa gemu hiyo waliisifia, pengine PS5, na uitoze bei ileile. Ipe wiki mbili. Chukua daftari lako na uandike tathmini yako ya mistari sita: mashine, namba ya toleo, jumla ya mechi, sekunde kutoka menyu hadi mpira kuanza, mara ngapi imejifunga, na mara ngapi wateja waliomba irudishwe gemu ya zamani. Namba ya toleo kwenye PS4 utaiona ukiweka kishale juu ya picha ya gemu, ukabonyeza OPTIONS, kisha Information. Ibandike ukutani kwa Kiswahili ili wateja waisome wakisubiri zamu. Hakuna mhakiki wa nje atakayeipima gemu kwa watu wawili, pedi mbili na zamu za dakika kumi, na wenye vyumba wa Igoma, Buzuruga na hata Sengerema wanahitaji karatasi ya namna hiyo kama unavyoihitaji wewe. Mstari wa sita ukizidi mara tano kwa wiki, iuze diski mapema wakati bado inaitwa mpya.